Vipande Viwili vya Kushoto

Saa mbili asubuhi, jua likiwa bado halijafika kwenye kizingiti cha duka, Mama Mkasi anakata gazeti.

Si kwamba ana ugomvi na sisi waandishi, ingawa anasema akianza kuwataja waliomwandikia uongo kuhusu dawa za miujiza, kutakuchwa. Anakata gazeti kwa sababu gazeti likiharibika hakuna anayelia. Amelitandaza juu ya meza ndefu ya mbao, amelinyoosha kwa kiganja, na sasa mkasi unapita katikati ya picha ya wachezaji wa mpira. Unapinda taratibu penye kwapa, unapanda hadi begani, unashuka kuifuata shingo.

Kipande kinadondoka. Anakiinua na kukitazama. Ni umbo la mbele ya gauni, upande wa kushoto.

Anachukua gazeti jingine, anakata tena. Nyuma yake, cherehani iliyokuwa ikilia tangu duka lifunguliwe imenyamaza. Wifi yake, ambaye ndiye mshonaji, ameshika gurudumu kwa mkono na kuutazama mgongo wa mwenzake.

Kipande cha pili nacho kinadondoka. Mama Mkasi anavilaza viwili hivyo bega kwa bega. Vyote ni vya kushoto.

"Haya, ndivyo vilivyo," anajisemea. "Sasa nikishakuwa navyo hivi, nafanyaje?"

Anasimama hapo kwa muda, mkasi mkononi. Kisha anageuka na kuuliza kama chai imeshaletwa. Kikombe chake kitupu kiko mezani, kando ya kiwiko chake.

"Ulishakunywa, wifi."

"Nilikunywa?"

"Ukalalamika haina sukari."

"Basi kweli nilikuwa mimi," anasema, na wote wawili wanacheka.

Jina la Mama Mkasi hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mafundi wenzake wa mtaa huu, na lilikuwa jina la heshima. Sasa ana miaka arobaini na mmoja, na kwa karibu miaka ishirini ndiye aliyekata kila nguo iliyotoka katika duka hili analolimiliki pamoja na wifi yake, dada wa mumewe.

Katika kazi ya ushonaji, anayesifiwa ni mwenye cherehani, lakini anayebeba lawama ni mwenye mkasi. Wenyewe wana msemo wao: mshono hufumuliwa, mkato haufumuliwi. Ukikosea kushona unakaa chini unatoa uzi mmoja mmoja. Ukikosea kukata, umeharibu kitambaa cha mwenyewe, na mwenyewe anakuja kesho.

Mama Mkasi hakuwahi kuandika kipimo. Alikuwa akimzungushia mteja futi yake ya kamba, anataja vipimo kwa sauti mara moja, basi, vimeingia. Mteja akirudi mwaka unaofuata anamtazama tu kutoka mlangoni na kumwambia, "Kiuno hicho si kile nilichokiacha, mama. Njoo tuanze upya." Wapo waliokuja kushonewa hasa kwa sababu ya kutaniwa.

"Siku nzuri nilikuwa nakata magauni kumi na mawili," anasema. "Siku hizi nikikata mawili, na yote yakawa na mikono, tunashukuru."

Ugonjwa ulianzia kwenye vidole. Asubuhi vilikuwa vinakataa kukunjwa, na mkasi ukawa mzito kuliko pasi. Ukafuata uchovu usiokwisha kwa kulala, kisha wekundu uliomtanda puani na mashavuni. Alitibiwa malaria, akatibiwa homa ya matumbo, akatibiwa presha ambayo hakuwa nayo. Yupo hata aliyemwambia apunguze mawazo, na hilo, anasema, ndilo lililomwongezea mawazo.

Ilichukua miaka mitatu kufika kwa daktari aliyelitaja jina: lupus. Alielezwa kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kumlinda mtu dhidi ya vijidudu, humgeukia mwenyewe na kumshambulia. Inaweza kushambulia viungo, ngozi, figo, popote.

"Niliambiwa tangu mdogo kwamba kikulacho ki nguoni mwako," anasema. "Nikajua basi, fundi nitakuwa salama, nguo nazikagua mwenyewe. Kumbe changu kimejificha ndani kuliko nguo."

Akaambiwa akae mbali na jua. Fundi anahitaji mwanga, na mwanga wa duka hili wote unaingilia dirisha la mbele. Meza ya kukatia iliyokuwa hapo dirishani kwa miaka yote ikahamishiwa kona ya nyuma, chini ya taa. Mwenyewe akajishonea magauni ya mikono mirefu, akanunua mwavuli wa kutembea nao mchana kweupe, na wapita njia wakapata la kuchekea.

Hayo yote, anasema, angeyavumilia. Lakini ugonjwa haukuishia kwenye vidole. Kwamba ungeweza kupanda hadi kichwani hakuambiwa mapema. Au aliambiwa akasahau, hana uhakika.

Ulianza na maneno. "Wifi, nipe kile... kile cha kukatia." Wifi yake alicheka hadi akashika mbavu, kwani nani asingecheka? Mama Mkasi mzima amesahau mkasi unaitwaje. Wiki iliyofuata likamtoka neno kola. Halafu likamtoka jina la mteja aliyesoma naye darasa moja.

Baadaye vikaanza kupotea vipimo. Anampima mtu, anageuka kuielekea meza, na akifika mezani kichwa ni kitupu. Anarudi kupima tena, anacheka, anasingizia futi. Redio ikiwa imewashwa na wateja wawili wakiongea kwa pamoja, sauti zote zinakuwa moja na hasikii hata anayemsemesha yeye. Redio ilishaondolewa.

"Watu wanafikiri kusahau ni kama kupoteza kitu," anasema. "Ukipoteza kitu si unajua umekipoteza? Unakitafuta. Mimi sijui. Naona kila kitu kiko sawa, mpaka nizione nyuso zenu."

Daktari anayemtibu, mama mmoja mpole anayesikiliza kuliko anavyosema, anasema hali hiyo inajulikana kwa watu wanaoishi na lupus, na wagonjwa wengi huiita ukungu.

"Si wazimu, na si uvivu," anasema. "Ugonjwa unaweza kugusa umakini, kumbukumbu, na hata kasi ya kufikiri. Maumivu, kukosa usingizi, huzuni, na wakati mwingine dawa zenyewe, vyote vinaongeza uzito. Siku nyingine ukungu unapungua, mtu anakuwa yule yule. Wapo wanaopata nafuu kubwa, na tunajaribu kila tunaloweza. Lakini aliniuliza kama atarudi kuwa kama zamani, na sikuweza kumwahidi."

Nilimwuliza daktari Mama Mkasi alilipokeaje jibu hilo. "Aliniuliza tena wiki iliyofuata," alisema. "Kwa maneno yale yale."

Mtaani hakuna aliyesubiri maelezo ya daktari. Mbona mzima tu? Mbona amenenepa? Huyo anadeka. Huyo amerogwa na mafundi wenzake kwa sababu ya wateja. Mwenye mguu uliovunjika hupewa fimbo ya kutembelea, lakini huyu aliyeumia kichwani alipewa majina tu. Hasira zilinipanda nilipoyasikia, yeye hakuonyesha hasira yoyote. Alivua kitambaa cha kichwa akanionyesha utosi wenye mabaka yasiyo na nywele.

"Si wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake?" alisema. "Basi wanihurumie. Mimi vimenitoka vyote siku moja."

Mume wake, mpaka rangi wa nyumba, hana utani huo. Anaongea huku akijikwangua rangi kwenye kucha. "Namwambia jambo asubuhi, jioni nalianza upya, kesho naambiwa sikusema. Kuna siku nilichoka, nikamwuliza kwa ukali, 'Kwani wewe uko wapi?' Akaniambia, 'Hata mimi namtafuta.' Sijamwuliza tena."

Kisha akataja siku ambayo nyumbani kwao haizungumzwi. Mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi nao, alikuwa amezikwa wiki mbili kabla. Jioni hiyo familia imekaa kula, wifi mtu naye akiwepo. Mama Mkasi akapakua sahani, akaifunika vizuri, akamwambia binti yake, "Mpelekee bibi kabla hakijapoa."

Hakuna aliyeinua mkono kula. Yeye mwenyewe alikumbuka baada ya kitambo, sahani ikiwa bado imo mikononi mwa mtoto.

"Nilidhani ananikejeli," anasema wifi yake. "Mama yangu! Udongo haujakauka! Nilisema maneno pale ambayo sitayarudia mbele yako. Wiki nzima tulikuwa tunafanya kazi chumba kimoja hatusalimiani. Mpaka nilipomsindikiza kwa daktari, kwa sababu kaka yangu alinilazimisha, nikasikia kwa masikio yangu. Nilirudi nyumbani nikalia kuliko siku ya msiba."

Tangu siku hiyo wifi akaanza kukagua kila kitambaa kabla hakijafika kwenye cherehani. Mara tatu alikuta kosa lisilorekebika, na mara tatu alikwenda sokoni akanunua kitambaa kama kile, akakikata mwenyewe kwa kuiba iba wakati mwenzake yuko msalani au amefuata dawa. Duka lililokuwa likilisha kaya mbili sasa linalipa kodi ya chumba na dawa, na kuna miezi linachagua moja. Habari za vitambaa hivyo hakumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, anasema, lakini yeye alikuwa anaficha ya mwenzake.

Ndipo alipokuja mwalimu.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amebakiza miezi miwili kustaafu, na alileta kitambaa kilichokunjwa ndani ya mfuko wa karatasi. Ni kitambaa kizito cha maua ya zambarau, chenye rangi upande mmoja tu. Mgongo wake ni mweupe. Mama yake marehemu alikinunua akiwa msichana, akakiweka sandukuni, akisema atakishona siku njema ikifika. Alikufa kikiwa sandukuni. Mwalimu alitaka akivae yeye, siku ya kuagwa shuleni.

"Akasema, 'Nataka ukate wewe, si mwingine,'" anakumbuka Mama Mkasi. "Ningekataaje? Zamani wote walikuwa wanasema hivyo."

"Nilimkonyeza akatae," anadakia wifi. "Hakuniona. Au aliniona, akasahau ninamkonyezea nini."

"Niliona. Nilidhani una mdudu jichoni."

Hawakucheka sana safari hii.

Kwa kawaida fundi hukunja kitambaa mara mbili, akaweka juu yake karatasi yenye umbo la kipande anachokitaka, akakata tabaka zote mbili kwa pamoja. Vinatoka vipande viwili vinavyotazamana, cha kulia na cha kushoto, kama viatu. Kitambaa cha mwalimu kilikuwa kifupi, kisingekunjika. Hapo inabidi kukata kipande kimoja kimoja: unakata cha kushoto, unaipindua karatasi, unakata cha kulia. Usipoipindua unapata vya kushoto viwili, na kitambaa chenye mgongo mweupe hakigeuziki. Kuipindua karatasi ni somo la wiki ya kwanza. Mwanafunzi akisahau, anachekwa mpaka anahitimu.

Mama Mkasi alijiandaa. Alijifunga uzi mwekundu kifundoni mwa mkono wa kulia, asije akachanganya pande. Alikuwa anajisemesha kila hatua. Akakata cha kushoto, kikatoka kizuri, hata mwenyewe akajisifu. Mtu mmoja akapita mlangoni akamsalimia, naye akaitikia, akauliza hali ya watoto. Akageuka tena mezani.

"Nikaiona karatasi imelala pale. Nikajua nimeshaipindua. Usiandike kwamba nilikisia. Sikukisia, nilijua, kama ninavyojua wewe umekaa hapo. Nikakata."

Aliyegundua ni wifi, alipotaka kuviunganisha. "Nilishika kimoja, nikashika kingine. Nikavigeuza. Nikavigeuza tena. Niliomba Mungu niwe mimi ndiye niliyekosea." Alikwenda sokoni na kipande mkononi, kama kawaida yake, akakizungusha duka hadi duka. Mzee mmoja muuza vitambaa alikishika akatabasamu, akamwambia kitambaa hicho kiliacha kutengenezwa yeye mwenyewe akiwa kijana. Masalio ya kitambaa cha mwalimu yaliyobaki kwenye meza ya kukatia yalikuwa vipande vyembamba, havitoi hata nusu ya upande mmoja.

Safari hii hakukuwa na la kuficha. Mama Mkasi alikataa wifi yake aseme kwa niaba yake. Mwalimu alipokuja kujaribu nguo, aliviweka vipande viwili mezani mbele yake.

"Nilikuwa nimejipanga nimweleze ugonjwa, nimweleze yote. Maneno yakanikimbia. Nikasema, 'Nimemkata mama yako vibaya.' Sijui yalitoka wapi hayo."

Mwalimu, ambaye sasa amestaafu, nilimkuta nyumbani kwake. "Nimegombeza watoto miaka thelathini, maneno ya kugomba ninayo," alisema. "Siku ile sikuyapata. Nilimwambia akae nacho, na siku akijua la kukifanya, aniite. Akataka kunilipa nikakataa. Fedha yake ya nini? Mimi nataka nguo." Siku ya kuagwa alivaa gauni la dukani. Anasema lilimbana makwapani tangu hotuba ya kwanza.

Wifi alishauri vile vipande vishonwe foronya. Mama Mkasi alimjia juu. "Mtu anataka kumvaa mama yake," alimwambia, "wewe unataka awe anamdondoshea udenda usingizini!"

Vipande hivyo viwili vimekunjwa ndani ya mfuko ule ule wa karatasi, kwenye rafu iliyo juu ya meza ya kukatia. Na hapo ndipo ilipo simulizi hii, maana asubuhi moja Mama Mkasi alipata jibu.

"Ilikuja kama zamani," anasema, na kwa mara ya kwanza tangu nifike sauti yake inapanda. "Nimesimama hapa hapa. Nikaliona gauni lote. Kile kipande cha pili hakikai mbele kabisa, kinakwenda pengine, halafu yale masalio membamba yanaingia mahali, na vifungo... niliviona hata vifungo vinakaa wapi. Lilikuwa gauni zuri kuliko lile alilotaka. Nikasema ngoja nichukue chaki nilichore kabla halijanitoka."

Chaki ilikuwa kwenye rafu ya mlangoni, upande wa pili wa duka.

"Nilipofika kwenye rafu, sikujua nimefuata nini. Nikarudi mezani. Nikawa najiuliza, mbona nina furaha hivi? Nimefurahia nini? Furaha ndiyo ilikuwa imebaki peke yake."

Aliketi sakafuni akalia, naye wifi yake akakaa kando yake bila kujua wanalilia nini, mpaka mwenzake alipokumbuka kwamba alikuwa ameliona gauni, ila si jinsi lilivyoungana.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya jua kuingia dukani, anakata gazeti: vipande viwili, vyote vya kushoto, na masalio kama yale ya mwalimu. Anavipanga na kuvipangua. Nilimwonyesha vikaratasi vyake fundi mwingine wa siku nyingi, mitaa miwili kutoka hapo. Alivigeuza vile vikaratasi kwa subira, kisha akavirudisha. "Hapa hakuna gauni," alisema. "Amwambie mwenye kitambaa kwamba halitatoka, apumzike."

Sikumpelekea maneno hayo. Nilimwambia wifi yake tulipokuwa nje, naye akaangalia chini. "Mimi sijui kama kweli aliliona, au ni huo ukungu uliomchezea," alisema. "Siwezi kumwuliza. Hilo ndilo pekee alilobaki nalo la zamani. Nikimnyang'anya, nimwachie nini?"

Mama Mkasi, kwa upande wake, ana mpango. Haongelei kupona, wala hajui kama mwakani duka litakuwepo. Anataka gauni lile lirudi kichwani mwake mara moja tu.

"Likija tena, sifuati chaki," anasema. "Chaki ndiyo iliyoniponza. Nasimama pale pale nilipo, napiga kelele, naanza kusema. Nasema yote, bega, kiuno, vifungo, kabla halijatoka. Kazi ya wifi ni kusikiliza. Akili yake nzima, Mungu amjalie, yeye atashika."

Ndiyo maana, kumbe, cherehani ya wifi imegeuzwa. Miaka yote ilikuwa ikitazama barabarani, ili mshonaji aone wateja wanaokuja. Sasa inatazama meza ya kukatia.

Jua limefika kizingitini. Naanza kukusanya vitu vyangu niage. Mama Mkasi ameinamia tena vikaratasi vyake, anasukuma kimoja kulia, anakirudisha, anakiinamisha kidogo.

"Wifi!"

Cherehani inanyamaza hapo hapo. Wifi ameshasimama, kitambaa alichokuwa akishona kimedondoka sakafuni.

"Nipo. Sema."

Mama Mkasi ameweka kidole kwenye bega la karatasi. Mdomo uko wazi. Kidole kinashuka taratibu, kinafika kiunoni, kinasimama.

"Sema, wifi. Lolote. Nashika."

Barabarani mtu anapiga honi. Kidole kinaondoka kwenye karatasi. Mama Mkasi anatutazama sote wawili, mmoja baada ya mwingine, anazisoma nyuso zetu kujua ni nini kimetokea.

"Chai imeshaletwa?" anauliza.

Wifi anakitazama kikombe kitupu kilicho kando ya kiwiko.

"Bado," anasema, anakichukua, na kwenda kuifuata.